Mwajiri Asimwache Mfanyakazi Stesheni

Safari ya mfanyakazi kwenda kazini haiishi pale treni inaposimama. Huisha pale anapotia sahihi kitabu cha mahudhurio, na baina ya mahali hapo pawili mara nyingi pana kilomita tano, nane au zaidi zisizo na basi. Kipande hicho kifupi ndicho kinachomchelewesha na kumla mshahara. Na kwa asiye na gari, ndicho kinachoamua kama ataipata kazi au ataikosa. Nani basi apaswaye kukigharimia?

Watumishi wa umma nchini Tanzania wana sababu ya kulifikiri swali hilo. Mji wa Serikali wa Mtumba uko takriban kilomita 17 kutoka katikati ya jiji la Dodoma, na tangu mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam. Reli ikishajengwa, watu huona kwamba shida ya usafiri imekwisha. Marekani waliliona kosa la fikra hiyo zamani, na yaliyowapata yafaa kuangaliwa.

Mwaka 1992 kampuni ya maduka ya Sears ilihamisha maelfu ya wafanyakazi wake kutoka katikati ya Chicago, ambako reli na mabasi ya kila upande hukutana, ikawapeleka Hoffman Estates, takriban kilomita 50 kaskazini magharibi, mahali ambapo treni haikufika. Uamuzi ulikuwa wa wakubwa kwa hesabu zao wenyewe. Lakini kwa jambo moja walistahili sifa: hawakuwaambia wafanyakazi wajitegemee barabarani. Walishirikiana na Pace, shirika la umma la mabasi ya vitongoji, kuweka mabasi na magari madogo ya pamoja.

Magari hayo Pace ilikuwa imeanza kuyatoa mwaka 1991, na utaratibu wake ni rahisi kueleweka. Gari ni la shirika, nalo ndilo linalobeba mafuta, bima na matengenezo. Mmoja wa wafanyakazi hujitolea kuliendesha, naye hadaiwi nauli. Wenzake huchangia kila mwezi, na mwajiri anaweza kuwapunguzia au kuwaondolea mzigo huo. Kwa wanaokuja kwa treni, gari hulala stesheni. Asubuhi huwapeleka kiwandani, jioni huwarudisha. Mipango iliyo bora huweka pia fedha ya teksi kwa yule anayeitwa ghafla nyumbani kwa sababu mtoto anaumwa. Bila kinga hiyo, mama mwenye watoto hawezi kuliamini gari la saa maalumu.

Fikra yenyewe haikuzaliwa na huruma. Kampuni ya 3M huko Minnesota ilianza na magari sita mwaka 1973, miezi michache kabla ya msukosuko wa mafuta, kwa kuwa msongamano ulikuwa umezidi na nafasi za kuegesha magari zilikuwa zinaisha.

Wako watakaosema kwamba mfanyakazi aliikubali kazi akijua iliko. Hoja hiyo haina uzito. Mwajiri huyo huyo hununua ardhi, huimwagia lami na kuchora mistari ili wenye magari waegeshe bure. Hiyo nayo ni ruzuku, ila haiitwi kwa jina lake kwa sababu wanaoipokea ni wenye uwezo. Mpishi na mfagiaji wanaoshuka kwenye treni hawaegeshi chochote.

Hata sheria ya kodi ya Marekani imelitambua jambo hili: msaada wa mwajiri kwa nauli ya gari la pamoja, lenye nafasi ya watu wasiopungua sita mbali na dereva, hauhesabiwi kuwa kipato cha kutozwa kodi, mradi usivuke kiwango kilichowekwa. Mwaka 2017 bunge lao lilimwondolea mwajiri nafuu aliyokuwa akiipata upande wake. Nafuu ya mfanyakazi ikabaki.

Mpango wa namna hii una hatari yake, nayo isifichwe. Sears iliomba hifadhi ya mufilisi mwaka 2018, na mwaka 2021 ikatangaza kuiacha makao yale. Njia ya usafiri iliyotegemea mwajiri mmoja hufa pamoja naye. Kwa hiyo ni busara magari yawe mali ya shirika la umma, na mwajiri awe mlipaji tu. Akiondoka, gari hupelekwa kwenye kiwanda kingine.

Wizara, shirika au kiwanda kinapochagua kiwanja kilicho mbali na stesheni, gharama ya kuwafikisha wafanyakazi huko haina budi kuandikwa katika makadirio yale yale yenye bei ya saruji na mabati. Iandikwe kabla msingi haujachimbwa, na maofisa utumishi waulizwe idadi ya watakaokuja kwa treni, pamoja na wale wa zamu ya usiku.