Goma: Mafundi wa kompyuta waache kufuta faili za wahami wa vita

GOMA – Kompyuta ikikataa kuwaka, mafundi wengi wana jibu moja tu: "Tuformati." Mwenye mashini anaitika, analipa, na kesho yake anarudishiwa kompyuta yenye kuwaka haraka kama mpya, lakini ndani hamna kitu. Picha za arusi hamna. Diploma ya serikali iliyoskaniwa hamna. Kazi hiyo wanaiita matengenezo. Ni uharibifu, tena unaolipiwa.

Kwa jamaa iliyotoka Masisi ao Rutshuru na kukimbia mara mbili, mara tatu, hasara hiyo si ndogo. Kambi za kandokando ya mji zilivunjwa mwanzoni mwa 2025, baada ya M23 kuingia Goma mwezi wa kwanza, na watu waliondoka na kile mikono iliweza kubeba. Karatasi za shamba, karte ya uchaguzi, buletini za watoto: kwa wengine kopi iliyo katika kompyuta ndiyo pekee iliyobaki. Anayeifuta anamnyima mtu ushahidi wa shamba lake siku atakaporudi.

Ubaya ni kwamba hakuna sababu ya kuifuta. Windows na faili za mtu ni vitu viwili tofauti, sawa vile bati la nyumba na vyombo vilivyo ndani. Bati likivuja, hakuna anayetupa masufuria. Windows 10 na 11 zenyewe zinauliza swali hilo waziwazi. Fundi akifungua "Réinitialiser ce PC", anapewa njia mbili: "Conserver mes fichiers" na "Supprimer tout". Ya kwanza inaweka Windows upya na kuacha picha na barua za mtu. Programu zilizoongezwa, kama Word, ndizo zinaondoka, na hizo zinaweza kuwekwa tena. Kisha inauliza kama ipakue Windows mpya kwenye intaneti, kazi inayoweza kula zaidi ya giga 4, ao itumie ile iliyo ndani ya mashini. Kwa bei ya mega tunayoijua, jibu ni la pili, isipokuwa ile ya ndani imeharibika.

Mafundi watasema: mashini haiwaki kabisa, swali hilo litaonekana wapi? Hata hapo njia iko. Ubuntu, mfumo usiolipiwa, unawekwa kwenye flashi, kompyuta inawashwa kupitia flashi hiyo bila kugusa diski ya ndani, na faili zinakopiwa kwenye diski ya nje. Diski inaweza pia kutolewa na kuunganishwa kwa kompyuta nyingine. Ikiwa imefungwa kwa BitLocker, itaomba ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi uko katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashini. Fundi amuulize mwenyewe kabla ya kusema "imekufa".

Watasema tena: ni virusi, lazima kufuta yote. Mara zingine ni kweli. Lakini picha na PDF zinaweza kukopiwa kwanza na kupimwa kwa antivirusi, programu zikaachwa zife. Na umeme kukatika je? Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukopi kabla ya yote, hata kwa anayechagua "Conserver mes fichiers". Umeme ukikatika katikati, hakuna anayejua diski itabaki namna gani.

Sababu ya kweli ni saa. Kuformati ni kazi fupi. Kukopi giga 100 kutoka diski ya zamani kunaweza kula saa nyingi za jenereta. Basi fundi aseme bei ya kukopi peke yake, na mteja achague. Kunyamaza na kufuta ndiko kunakokasirisha.

Wateja nao wana sehemu yao. Wengi wanaacha mashini mezani na kwenda sokoni bila kusema ndani muna nini. Tangu 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa njia ya kawaida, na wengi watashauriwa kuweka mfumo mpya. Kabla ya kutoa mashini, wakaaji waombe fundi aandike kwenye risiti: "faili zikopiwe kwanza". Anayekataa kuandika, apelekewe mwingine.

Na kwa aliyekwisha kufutiwa: asiitumie tena kompyuta hiyo, hata kwa kutazama filamu moja. Kwenye diski za zamani zinazozunguka, faili mara nyingi zinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na PhotoRec, ambayo ni ya bure, inaweza kurudisha sehemu. Kwenye diski za SSD nafasi ni ndogo sana, kwa sababu zenyewe zinasafisha kilichofutwa.