Buti Imegoma

Sisi wa Buzuruga, Mwanza, tunaosafiri kwenda Bunda, Musoma na Tarime, mlio ule tunaujua hata tukifumba macho. Basi limesimama, konda ameshuka, dereva amebonyeza swichi kule mbele. Buti ya kwanza: tak. Ya pili: tak. Ya tatu, yenye mizigo yetu, kimya. Dereva anabonyeza tena. Kimya. Konda anapiga ngumi pembeni ya kitasa, anapaza sauti dereva abonyeze huku yeye anavuta, na sisi tumesimama na tiketi mikononi, jua linatuchoma utosi, macho yote kwenye mlango mmoja wa bati. "Jamani, buti imegoma," anasema konda. Tunasubiri.

Zamani tulikuwa tunapandia hapa hapa Buzuruga, siku hizi tunasogea Nyamhongolo. Stendi imebadilika, mlango ni ule ule.

Ufunguo wa buti tuliukuta, tukauzoea. Ulikaa mfukoni mwa konda, na ukipotea aliazima wa basi la jirani. Kikaja kitasa cha umeme: mota ndogo inavuta ulimi wa kitasa, amri inatoka kwa dereva. Tulikipokea kwa moyo mmoja, maana kila stendi ina vijana ambao buti ikiachwa wazi dakika mbili, begi hulioni tena. Hatuna ugomvi na umeme. Ugomvi wetu ni na mwenye basi anayejua kitasa kimekufa tangu wiki iliyopita, na alfajiri bado anaijaza buti ile ile mizigo ya watu.

Na ugonjwa wenyewe si wa kutisha. Fundi umeme mmoja wa magari, pale Nyakato, alitueleza akiwa amelala chini ya basi. Waya unaopita kwenye bawaba hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, mwisho unakatika kwa ndani huku ganda lake la plastiki likiwa zima, ukiutazama unasema hauna neno. Au vumbi limeingia kwenye mota, likachanganyika na maji ya kuoshea gari, kutu ikafanya kazi yake. Au fyuzi imeungua. Au betri zimechoka: basi linataka volti 24, zikipungua mota inaguna tu, ulimi hauvutiki. Kwa kawaida, alisema, nyuma ya kitasa kuna kamba ya chuma ya kufungulia kwa mkono umeme ukikataa. Tukamwomba atuonyeshe ya basi lile. Ilikuwa imekatika siku nyingi.

Kwa hiyo tumezoea kitasa kuchokonolewa kwa bisibisi. Tumezoea tandiboi mwembamba anayezunguka upande wa pili, upande wa barabarani bodaboda zinakopita, anatambaa juu ya magunia ya dagaa mpaka alifikie begi la mtu. Tumezoea na ugonjwa wa kinyume chake, mlango usiokubali kufunga, unafungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na kuanzia Magu mpaka Lamadi tunachungulia dirishani kama bado upo. Basi hilo hilo lina kifaa cha LATRA, wadhibiti wa usafiri wa nchi kavu, kinachopiga kelele dereva akizidisha kilomita 80 kwa saa, na tunashukuru kwamba kipo. Asubuhi trafiki wanakagua matairi, taa, mikanda. Tunaomba na buti iguswe: bonyeza, fungua, funga. Hata dakika tano haziishi. Kisichofunguka kisipakiwe.

Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya binti mmoja, Januari, tuliyekuwa naye safari moja. Alikuwa anakwenda kuanza kidato cha kwanza, shule ya bweni, wa kwanza kwao kufika huko. Mama yake alimsindikiza na tranka la bati lenye mashuka, madaftari, sabuni na sare mbili alizozishona kwa mkopo. Bunda tukashuka. Buti ikagoma. Bisibisi ikashindwa, na upande wa pili mlango ulikuwa umezibwa na mizigo ya watu wa mbele. Mama akamwambia konda kwa upole, "Mwanangu, mtoto ataripotije shule mikono mitupu?" Konda naye alikuwa amelowa jasho. "Mama, nisamehe. Sirari kuna fundi, kesho nakuletea mwenyewe."

Basi likaondoka na tranka. Binti aliripoti na nguo alizovaa, akalala kwa shuka la kuazima. Tulisimama pale na mama yake mpaka basi likapotea, hakuna aliyekuwa na la kumwambia.

Tranka lilirudi siku ya tatu. Kufuli lake dogo, la ufunguo, lilifunguka mara moja.