Kibaya Chajitembeza Hadi Chini ya Bahari

Kijana mmoja muongoza watalii, aliyekuwa ameshuka Marangu mchana ule na wageni wake wanne, alitumwagia mradi mezani tukinywa kahawa hapa Moshi mjini. Serikali, alisema, itafute manowari iliyochakaa, iizamishe karibu na Zanzibar au Mafia. Miaka miwili tu, samaki wamejaa, wapiga mbizi wamejaa, dola zimejaa. Mbona Wakenya wamefanya? Meza nzima ikatikisa vichwa kukubali. Nilipopinga nikaambiwa mtu wa mlimani hajui bahari.

Mtu wa mlimani ana sababu ya kusema. Mgeni tunayempandisha Kibo, kilele cha Kilimanjaro, wiki hii ndiye anayepiga mbizi Mnemba, Zanzibar, wiki ijayo, na hupangiwa mlima kwanza kwa sababu za afya: aliyetoka kupiga mbizi akipanda juu mapema, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini mwake inaweza kugeuka mapovu na kumlemaza. Bahari ni nusu ya pili ya safari tunayoiuza. Ikiharibika, wa kwanza kusikia njaa ni mpagazi wa Marangu.

Basi tuanze na hao samaki. Imani iliyoenea ni kwamba meli iliyozama huzaa samaki. Mvua za kwanza zikinyesha, taa ya dukani hujaa kumbikumbi, na hakuna mtoto anayedhani taa imewazaa. Meli nayo ni hivyohivyo. Samaki hupenda kivuli na mahali pa kujificha, kwa hiyo hukusanyika penye chuma. Wengi wao wametoka kwenye miamba ya jirani. Wataalamu wamebishana kwa miongo mingi ni wangapi huongezeka kweli na ni wangapi huhama tu. Ni kweli kwamba chuma kikikaa chini muda mrefu huota viumbe, na penye mchanga mtupu kinaweza kuwapa makazi samaki ambao wasingekuwapo. Lakini mvuvi hangoji ubishi wa wataalamu uishe. Akijua samaki wa eneo zima wamejikusanya mahali pamoja, atakwenda na nyavu zake hapohapo. Asipozuiwa, tumemrahisishia kazi ya kuwamaliza.

Imani ya pili ni kwamba kuzamisha ni rahisi: unafungua matundu, maji yanaingia, umemaliza. Marekani ilizamisha manowari ya kubebea ndege, USS Oriskany, karibu na Pensacola, Florida, mwezi Mei 2006. Kuisafisha na kuizamisha kuligharimu takriban dola milioni 20, na bado iliteremka na zaidi ya kilo 300 za PCB, kemikali ya sumu iliyokuwa kwenye nyaya zake. Miaka minne kabla, katika jimbo hilohilo, USS Spiegel Grove ilizama kabla ya saa yake, ikapinduka, tumbo juu. Tena hapo Florida, miaka ya 1970, watu wenye nia njema walitupa baharini takriban matairi milioni mbili ili yawe nyumba ya samaki. Kamba zilizoyafunga zilikatika, matairi yakaanza kusukumwa na mawimbi na kusaga matumbawe hai, na baadaye wapiga mbizi wa jeshi wakaitwa kuyatoa. Hao ni matajiri wenye maabara na mahakama. Manowari ya zamani ina asibesto, mafuta, rangi za sumu na nyaya za kila aina. Huku kwetu, nani atasimama kwenye sitaha na kusema, kwa sahihi yake, kwamba hii imesafishwa?

Naijua hoja ya Mombasa. MV Dania ilizamishwa mwaka 2002, ipo kwenye kina cha kama mita 30, na wapiga mbizi huifurahia. Sitawanyima haki yao. Lakini hiyo ilikuwa meli ya mizigo, si manowari, na hakuna mgeni anayevuka dunia kuifuata Dania. Akishafika kwa sababu nyingine, huiongeza kwenye orodha. Isitoshe, anayetaka mabaki ya meli Zanzibar anayo tayari: meli ya kutandaza nyaya za telegrafu, Great Northern, iko chini tangu mwaka 1902.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Matumbawe hai hayahitaji sherehe ya kuzamisha wala waziri wa kubonyeza kitufe. Yanachohitaji ni kulindwa. Kwa miongo mingi pwani yetu imepigwa mabomu na wavuvi haramu, na bomu moja hubomoa kwa sekunde kilichojengwa kwa miaka mingi. Mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya Afrika Mashariki, Mafia ikiwamo. Sisi wa mlimani tunaujua uchungu wa kupoteza, maana barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Hata hivyo, sijasikia mtu akipendekeza tupake Kibo chokaa ili wageni wapate weupe wa kupiga picha. Tungemcheka. Anayependekeza chuma badala ya matumbawe tunamwita mbunifu.

Ukweli ni kwamba mara nyingi mradi kama huu huanzia kwa mwenye meli asiyejua aifanyie nini. Kuikata na kuiuza kama vyuma chakavu kuna jasho na gharama. Kuizamisha huku ukisema unahifadhi mazingira kuna makofi. Hapa Uchagani, ambako wahunzi wa Mamba walifua majembe na mikuki kizazi baada ya kizazi, chuma hakitupwi. Manowari ikistaafu, ikatwe, iyeyushwe, iwe nondo na jembe. Fedha za kuisafisha na kuizamisha zinunue boti ya doria na mafuta yake.

Tena nchi hii inajua la kufanya na meli ya vita iliyo chini ya maji. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa reli hadi Kigoma na kuingizwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Vita ikaifanya manowari, ikafungwa hata mzinga mmoja wa manowari Königsberg, ile iliyokwama na kuangamia katika delta ya Rufiji. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili Wabelgiji wasiipate, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nzito. Hata aliyeizamisha hakuamini kwamba mahali pa meli ni chini. Mwaka 1924 ikaibuliwa, mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na kwa miongo mingi ikabeba abiria, dagaa, mahindi na wakimbizi wa Ziwa Tanganyika.

Kwa hiyo, kijana wangu, wageni wako wakitamani kuiona meli ya vita, usimsumbue samaki. Wapeleke Kigoma.