«Mafuta tu» si jina



Usiku mmoja wa masika mama mmoja wa kambi alifika mbio dispanseri, mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Mtoto alikohoa bila kupumzika na kinywa chake kilinuka kama ateliye. Alikuta chupa ya bia chini ya meza, akafikiri ni maji. Nikamwuliza baba: «Ndani ya chupa kulikuwa nini?» Akajibu: «Mafuta tu, munganga. Yale ya kunawia mikono kazini.»

Mafuta tu! Mawese ni mafuta. Petroli ya taa ni mafuta. Esansi ya motokari ni mafuta. Baba akarudi ateliye usiku ule ule kuuliza. Kapita wa zamu akasema ni esansi. Fundi wa kuchomelea akasema hapana, ni triklo. Bidoni yenyewe ilikuwa na jina la mafuta ya mota, na mafuta hayo yalikwisha zamani. Mimi nami sikufanya vizuri kuliko wao: katika kitabu cha wagonjwa niliandika «amekunywa mafuta», kwa sababu sikuwa na neno lingine.

Wako wakubwa wanaosema majina ya kemia ni kazi ya wainjinia, mfanyakazi inamtosha picha ya kichwa cha mfu. Mimi nakataa. Picha ile inasema kitu kinaua, lakini haisemi kinaua namna gani, wala munganga afanye nini. Aliyekunywa esansi, hofu yetu kubwa ni mapafu: akitapika, esansi inaweza kuteleza na kuingia katika pumzi, na hapo huanza ugonjwa mbaya wa mapafu. Kwa hiyo, mama, usimtie mtoto kidole kooni, usimnyweshe mawese wala maziwa ili atapike. Aliyekunywa triklo, pamoja na hofu hiyo tunaangalia pia usingizi na moyo, na kuna dawa za kuamsha moyo ambazo kwake ni hatari. Bidoni mbili, dawa mbili.

Sasa tufungue majina haya, maana si magumu kama yanavyosikika. Jina la kemia ni kama jina la mtu linalotaja baba na ukoo wake. Chukua triklo. Jina lake zima ni trikloroetileni. «Eti» ni kaboni mbili. «Leni» ya mwisho yaonyesha kwamba kaboni hizo zimeshikana mara mbili, kama watu wawili wanaosalimiana kwa mikono yote miwili. «Trikloro» ni klorini tatu zilizopandishwa juu yao. Katika vitabu vya sasa utakuta trikloroeteni. Ni mtu yule yule. Vivyo hivyo etileni huitwa eteni, na propileni yenye kaboni tatu huitwa propeni.

Ukoo huu wa mikono miwili una tabia moja: huachia mkono mmoja upesi ili ushike mpita njia. Katika shule ya ufundi mwalimu wetu alitia maji ya bromini, ya rangi ya chai nyekundu, ndani ya kioo chenye mafuta ya ukoo huo. Akatikisa. Rangi ikafa mbele ya macho yetu, kwa kuwa bromini ilikwisha kushikwa. Kisha akatwaa tolueni, akafanya vile vile. Rangi ikapanda juu ndani ya tolueni, ikakaa pale. Tukacheka, tukisema mwalimu amekosea.

Hakukosea. Tolueni ni ya ukoo mwingine, ukoo wa benzeni. Benzeni nayo jina lake linaishia kwa «eni», na hapo wengi hudanganyika. Ni kaboni sita zilizoshikana katika duara, na nguvu ile ya mkono wa pili wamegawana wote sita. Hakuna anayetaka kuachia mkono, duara lisivunjike. Ukitaka bromini iingie katika duara la benzeni, lazima uitie pamoja na chuma cha kuisaidia, na hata hapo duara halifunguki: kaboni moja inatupa hidrojeni yake na kuchukua bromini mahali pake. Ukoo wa kwanza hupokea mgeni. Ukoo wa pili hubadilisha tu.

Benzeni iligunduliwa na Michael Faraday mjini London mwaka 1825, katika mabaki ya gesi ya taa. Mwaka 1833 Mjerumani Eilhard Mitscherlich aliipata kwa njia nyingine, kutoka asidi ya utomvu wenye harufu nzuri ambao Waarabu waliuita ubani wa Java, naye akaiita «benzin». Kwa hiyo neno hili ni ndugu wa ubani wetu wa kanisani, wala halikutoka kwa Bwana Benz wa magari, kama nilivyosikia likibishaniwa kwenye baa. Shida ni kwamba Wajerumani siku hizi huita esansi «Benzin», na Wafaransa wana «benzine», mafuta mepesi ya kusafishia nguo, ambayo si «benzène». Herufi moja tu! Na ndugu zetu wa Tanzania wakisema petroli, wanataka esansi. Sisi wa Katanga tukisema petroli, tunataka ya taa. Mtu akinunua bidoni kwa dereva wa lori kutoka kule na kuimimina katika taa kwa kufuata jina, nyumba itawaka.

Turudi katika mwili, ndiko kazi yangu iliko. Pandisha juu ya duara la benzeni kaboni moja yenye hidrojeni tatu, unapata tolueni, yaani metilibenzeni. Pandisha mbili, unapata zaileni, na hiyo iko ya namna tatu kwa kadiri ya mahali zilipokaa: 1 na 2, 1 na 3, 1 na 4. Zote mbili hutumiwa kulegeza rangi. Ini likikutana na tolueni hushambulia ile kaboni ya pembeni, kwani ni nyepesi kuliko duara, huigeuza asidi, na asidi hiyo hutoka kwa mkojo. Hivyo tolueni hulevya kichwa na kuumiza mishipa ya fahamu, lakini haiharibu damu kama benzeni. Benzeni haina kaboni ya pembeni. Ini linalazimika kushambulia duara lenyewe, na vipande vinavyozaliwa huenda mpaka ndani ya mifupa, pale damu inapotengenezwa. Damu hupungua, mtu hutokwa na damu ya pua au ya meno, na kwa wengine huja kansa ya damu baada ya miaka mingi.

Na esansi ina benzeni ndani yake. Ulaya, tangu mwaka 2000, hawaruhusu izidi 1 kwa 100. Wewe unayenawa mikono kwa esansi kila mwisho wa zamu, au unayeivuta kwa mdomo kwenye mpira, unapata sehemu yako kila siku. Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa wa mwaka 1971 ulitaka neno «Benzeni» lionekane wazi juu ya kila chombo chenye benzeni, pamoja na alama za hatari. Neno lenyewe, si picha peke yake.

Triklo nayo isiwekwe karibu na wachomeleaji. Mvuke wake ukikutana na moto wa arki huzaa fosjeni, gesi ile iliyoua askari katika vita ya 1914–1918. Tena aliyeivuta mchana kutwa akinywa bia jioni, uso na shingo humwaka moto. Wengine hufikiri wamelogwa. Mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa kimataifa walioko Lyon waliiweka kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu, hasa ya figo.

Nawaomba wakuu wa ateliye kitu cha bei ndogo: rangi nyeupe na pinseli, na sabuni ya kutosha penye maji ya kunawia. Chupa ya bia isitoke kazini na kitu kingine ndani. Na likitokea jambo, njoo na mtoto, na chupa pia.

Asubuhi ile mtunza magazini alipata karatasi: ilikuwa esansi. Mtoto alilala hospitali siku sita, akarudi nyumbani. Baba yake ndiye aliyeshika pinseli, akaandika juu ya bidoni: ESANSI, INA BENZENI, SI YA KUNAWA. Kapita akamwuliza nani amemtuma. Kando yake kuna bidoni mbili ambazo hazijaandikwa hata leo, kwa sababu hakuna ajuaye kilichomo.