Kisanduku Kitupu Si Sifuri: Maoni Juu ya Kufundisha Kanzidata Vyuoni

Makusudi ya makala haya ni kutoa maoni yetu juu ya jambo moja katika ufundishaji wa kompyuta ambalo, kwa kadiri tuonavyo, halijapewa nafasi linayostahili katika vyuo vya ualimu. Jambo lenyewe ni namna kanzidata inavyoyajibu maulizo pale ambapo habari fulani imekosekana. Mwanachuo hufundishwa kuunda jedwali, kulijaza na kuliuliza. Lakini jedwali analopewa kwa mazoezi mara nyingi huwa limejaa kila kisanduku. Akifika shuleni hukutana na daftari la kweli, na daftari la kweli lina mapengo.

Haja ya kulitazama jambo hili imeongezeka. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo, na shule nyingi sasa hupeleka takwimu zake kwa njia ya mitambo. Hivyo mwalimu wa darasa ndiye mtu wa kwanza kuamua kama pengo litaachwa wazi, litaandikwa sifuri, au litajazwa kwa kubahatisha. Uamuzi wake ukisha kuingia katika jumla na wastani, walio juu yake hawawezi tena kuuona.

1. Mapengo yana sababu

Tuchukue mfano wa kubuni wa darasa moja la shule iliyo Kiberege, kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara. Darasa lina wanafunzi 10. Siku ya jaribio la Hisabati wanane wamepata alama 30, 40, 50, 60, 70, 35, 65 na 50. Wawili hawana alama. Mmoja amefuatana na wazazi wake kwenye mashamba ya mpunga bondeni, maana katika Bonde la Kilombero familia nyingi huhamia kwenye vibanda vya shambani wakati wa kilimo, na mpunga ukianza kukomaa watoto huwa na kazi ya kuamia ndege. Wa pili alikuwapo na alifanya jaribio, ila karatasi yake imepotea kabla ya kusahihishwa.

Katika daftari watoto hawa wawili wanafanana: kila mmoja ana kisanduku kitupu. Lakini mmoja hana alama kabisa, na mwingine anayo alama ambayo hatuijui. Wote wawili hawakupata sifuri. Tofauti hii si ngeni kwa walimu. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa mwaka 1973, linapotoa matokeo ya Kidato cha Nne hutenga watahiniwa waliopata daraja la sifuri na wale wasiofanya mtihani, ambao huandikiwa ABS. Hakuna mwalimu mkuu ambaye angekubali makundi hayo mawili yachanganywe. Tunachotaka ni kwamba uangalifu huo huo uhamie katika somo la kanzidata.

2. Asili ya jambo

Kanzidata tunayoizungumzia ni ile inayohifadhi habari katika majedwali yanayohusiana. Msingi wake uliwekwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani. Mwaka 1979 aliyapanua mawazo yake na kueleza jinsi habari inayokosekana ingeweza kushughulikiwa kwa mantiki yenye thamani tatu: kweli, si kweli, na haijulikani. Mwaka 1985 alipotoa kanuni zake mashuhuri, mojawapo ilidai kwamba mfumo uwe na utaratibu mmoja wa kuonyesha kukosekana kwa habari, ulio tofauti na sifuri na tofauti na maandishi matupu. Katika lugha ya SQL, ambayo ndiyo hutumika kuziuliza kanzidata hizi, utaratibu huo huonyeshwa kwa neno NULL. Sisi tutauita tupu.

Mwanachuo ataielewa thamani ya tatu kwa urahisi akiulizwa hivi: Je, yule ambaye karatasi yake imepotea amepata chini ya 45? Jibu la haki ni kwamba haijulikani. Je, amepata 45 au zaidi? Hilo nalo halijulikani. Hadi hapo mashine na mwanadamu wanakubaliana. Lakini tukiuliza kama amepata ama chini ya 45 ama 45 na zaidi, mtoto yeyote atajibu ndiyo, kwa kuwa lazima awe upande mmoja. Mashine bado itajibu kwamba haijulikani, kwa sababu huunganisha majibu mawili yasiyojulikana na kupata jibu lisilojulikana. Mwanachuo asipoliona jambo hili mapema ataipa mashine busara ambayo haina.

3. Jaribio la darasani

Tunapendekeza somo hili lianze ubaoni, kabla kompyuta haijawashwa. Mkufunzi aandike jedwali la wanafunzi 10 tulilolitaja, na kila mwanachuo aandike katika daftari lake jibu analolitazamia kwa kila ulizo. Baada ya hapo ndipo mashine iulizwe. Utaratibu huu una faida kwamba mwanachuo akikosea ataona hasa ni wapi mawazo yake yalipoachana na kanuni.

Maulizo ya kwanza ni ya kuhesabu. COUNT(*) huhesabu mistari yote ya jedwali, na jibu lake ni 10. COUNT(alama) huhesabu mistari yenye alama tu, na jibu lake ni 8. Yanafuata maulizo ya wastani. AVG(alama) hutoa 50, kwani jumla ya 400 imegawanywa kwa 8. Kama mwalimu angejaza sifuri katika visanduku viwili vitupu, wastani ungeshuka kuwa 40. Darasa ni lile lile na jaribio ni lile lile, ila alama 10 za wastani zimepotea.

Maulizo yanayofuata ndiyo yenye mafunzo makubwa zaidi. Tukiomba idadi ya waliopata chini ya 45, kwa sharti WHERE alama < 45, tutapata 3. Tukiomba idadi ya waliopata 45 au zaidi tutapata 5. Jumla ni 8, na darasa lina wanafunzi 10. Watoto wawili hawamo katika kundi lolote, wala mashine haikutoa onyo, kwa kuwa WHERE hupitisha mstari pale tu jibu linapokuwa kweli. Mwanachuo akijaribu kuwatafuta kwa kuandika alama = NULL atapata 0, maana kulinganisha chochote na kisichojulikana huzaa kisichojulikana. Inampasa aandike alama IS NULL, ndipo apate 2.

Yafaa pia aonyeshwe kwamba kanuni haifanyi kazi kwa namna moja kila mahali. Tukiweka sharti la CHECK kwamba alama isizidi 100, kisanduku kitupu kitakubaliwa bila taabu, kwa sababu CHECK hukataa pale tu jibu linapokuwa si kweli. Kwa hiyo jibu lile lile la haijulikani hufukuzwa na WHERE na kupokewa na CHECK. Aidha, mifumo hutofautiana katika kupanga. Tukipanga alama kuanzia ya chini, SQLite na MySQL huweka tupu mwanzoni. PostgreSQL na Oracle huweka tupu mwishoni. Basi mwalimu anayeomba mstari wa kwanza ili amjue aliye dhaifu kuliko wote, kwa mfumo mmoja ataletewa mtoto mwenye alama 30, na kwa mfumo mwingine ataletewa mtoto aliye shambani.

4. Majedwali yanapounganishwa

Tuongeze jedwali la pili, la vitabu vilivyoazimwa, lenye namba ya mwanafunzi aliyeazima. Tuulize: ni wanafunzi gani hawajaazima kitabu? Njia inayowajia wengi ni kuomba wale ambao namba zao haziko katika jedwali la pili, kwa kutumia NOT IN. Ikiwa katika jedwali hilo kuna mstari mmoja tu ambao karani alisahau kuandika namba, jibu litakuwa tupu kabisa: hakuna mwanafunzi hata mmoja. Sababu inaeleweka tukiifuata mashine polepole. Kitabu kile kisicho na namba chaweza kuwa cha mwanafunzi yeyote; basi kwa kila mwanafunzi asiyeonekana katika orodha, mashine haiwezi kusema kwa hakika kwamba hakuazima. Ulizo likiandikwa kwa NOT EXISTS, au mistari isiyo na namba ikiondolewa kwanza, majina yatatokea. Mwanachuo aliyeliona jambo hili kwa macho yake hatalisahau.

Wala jambo hili halimhusu mwalimu peke yake. Mjini Ifakara, ambako utafiti wa afya ulianza mwaka 1957 kwa maabara ya Waswisi iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, ulianzishwa mwaka 1996 mfumo wa kuwafuatilia wakazi wa vijiji vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Kila kaya ilitembelewa kila baada ya miezi minne ili kuandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Hebu tufikiri juu ya safu ya tarehe ya kufariki katika daftari la namna hiyo. Kwa watu wengi safu hiyo ni tupu, na utupu huo ni habari njema. Sasa mwanachuo aombwe kuwatafuta waliokuwa hai tarehe 1 Januari 2000. Akiandika kwamba tarehe ya kufariki iwe baada ya hiyo, ataletewa wale waliofariki baadaye peke yao. Wote walio hai mpaka leo wataachwa. Zoezi hili lina uzito kuliko jedwali la bidhaa za dukani tunalolikuta katika vitabu vingi, na linatoka katika nchi anayoijua.

5. Hoja ya kukataza mapengo

Wako wataalamu wanaoona kwamba tupu ni chanzo cha matatizo na afadhali isiwepo. C. J. Date, aliyefanya mengi kuyaeneza mafundisho ya Codd, amelipinga jambo hili katika maandishi yake kwa miaka mingi. Baadhi ya wakufunzi nao huwaambia wanachuo waweke sharti la NOT NULL katika kila safu, ili mashine isikubali pengo.

Tunaiheshimu hoja hiyo, na kwa safu kama namba ya usajili wa mwanafunzi tunaikubali. Lakini shuleni sharti likiwekwa kila mahali humlazimisha mwandishi kusema uongo. Mwalimu asiye na alama ya mtoto hataacha kazi yake kwa sababu mashine imekataa; ataandika 0, au 99, au tarehe ya kubuni, ili ukurasa upite. Namba 99 iliyowekwa kwa maana ya umri usiojulikana itaingia katika wastani kama mzee wa miaka 99. Pengo lililo wazi laweza kuulizwa kesho, bali uongo uliojazwa hauna alama ya kuutambulisha.

Hata hivyo, kuliacha pengo wazi hakutoshi. Wastani wa 50 tuliopata hapo juu ni wa watoto wanane waliokuwapo, na si wa darasa. Ikiwa wanaokosekana mwaka baada ya mwaka ni wale ambao mashamba ya wazazi wao yako mbali, basi kila wastani utaendelea kupendeza kwa sababu watoto hao hawamo, na shule haitaona haja ya kuwatafuta. Hapo ndipo kosa la takwimu linapogeuka kuwa dhuluma kwa mtoto.

6. Mapendekezo

Kwanza, jedwali la kufundishia liwe na mapengo ya makusudi, na sababu zake ziwe tofauti. Pili, kando ya safu inayoweza kuwa tupu iwekwe safu ya sababu: mgonjwa, yuko shambani, amehama, karatasi imepotea. Codd mwenyewe baadaye alitenga habari iliyopo isiyojulikana na habari isiyoweza kuwapo. Mwalimu anaweza kufanya zaidi ya hapo kwa neno moja la Kiswahili. Tatu, kila ulizo linaloligawa darasa lifuatwe na kujumlisha: waliofaulu, walioshindwa na wasiojulikana lazima walingane na wote walioandikishwa. Nne, kila wastani uandikwe pamoja na idadi ya waliohesabiwa na idadi ya walioachwa. Tano, mwanachuo asipewe alama kwa jibu sahihi la mashine peke yake, bali pia kwa utabiri alioandika kabla ya kuiuliza na kwa maelezo yake pale yalipotofautiana.

Mapendekezo haya hayahitaji vifaa vipya. Ubao, chaki, na kompyuta moja yenye SQLite, ambayo hutolewa bure, vinatosha kwa vipindi viwili. Tungefurahi wakufunzi wenzetu wakilijaribu somo hili kabla wanachuo hawajatoka kwenda mazoezi ya kufundisha, kisha wakatuandikia ni ulizo gani lililowashinda wanachuo wengi zaidi, na kwa sababu gani.