Usiichomeke Kwanza

Mtu akikuta redio kuukuu ya marehemu baba yake uvunguni, jambo la kwanza afanyalo ni kuipangusa vumbi na kuichomeka kwenye umeme apate kujua kama bado inasema. Ni tabia ya kibinadamu, wala hailaumiki. Lakini kwa wale watu wa Ulaya na Marekani wanaotumia saa zao za mapumziko kukusanya na kufufua kompyuta ndogo za miaka ya 1970 na 1980, tabia hiyo ndiyo adui wa kwanza.

Yafaa tueleze ni vyombo gani hivyo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kompyuta ilikuwa mali ya mashirika makubwa, vyuo na majeshi. Ndipo Januari 1975 gazeti la mafundi wa Marekani, Popular Electronics, lilipotangaza Altair 8800, mtambo uliouzwa vipande vipande ili mnunuzi auunge mwenyewe nyumbani. Haukuwa na kibodi wala kioo. Ulikuwa na swichi na taa tu, na kumbukumbu ya baiti 256, ambayo haitoshi hata kuhifadhi aya hii unayoisoma. Mwaka 1977 zikaja Apple II, Commodore PET na TRS-80. Mwaka 1981 ikaja ZX81 ya Uingereza. Na mwaka 1982 Commodore 64, ambayo iliuzwa zaidi ya milioni 10. Kwetu Tanzania, Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na marufuku hiyo ilidumu miaka kadhaa. Ndiyo maana uvunguni mwetu tunakuta redio.

Tuichukue hiyo Commodore 64. Hulishwa umeme na kisanduku kizito kilichojazwa gundi ngumu ndani, hata fundi hawezi kukifungua bila kukivunja. Kisanduku hicho hutakiwa kuipa mitambo ya ndani volti 5. Kikizeeka, kifaa kinachodhibiti kiasi hicho chaweza kuharibika, na badala ya kukata umeme kikauachia upite kupita kiasi. Kompyuta yenyewe huenda ikawa nzima kabisa, imelala darini miaka 30 bila dhara. Ikichomekwa kwa furaha ya dakika moja, chipu zake za kumbukumbu huungua. Na hakuna kiwanda cha kukikimbilia. Kampuni ya Commodore ilifilisika mwaka 1994, na chipu zake za asili, ikiwamo ile ya sauti iitwayo SID, hazitengenezwi tena. Anayeitaka ya asili aghalabu huing'oa katika mtambo mwingine uliokufa.

Basi mkusanyaji mwenye adabu hukiweka kando kisanduku cha zamani, hutafuta kipya, na hukipima kwa mita kabla ya kukiunganisha. Hufungua mtambo akakagua kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji, ambavyo vikizeeka huvuja maji yanayokula njia za shaba. Katika kompyuta nyingine betri za ndani huvuja vibaya zaidi.

Nakiri kwamba kazi hii mimi ningeiharibu siku ya kwanza. Baadhi ya chipu za zamani zina kidirisha cha kioo mgongoni, kimezibwa kwa kikaratasi kilichochakaa. Ningekibandua kwa ajili ya usafi. Kumbe kikaratasi kile ndicho kinga: mwanga wa jua ukiingia kwa muda katika kidirisha kile, programu iliyomo hufutika.

Juu ya rangi, wapenzi hawa hawapatani. Plastiki za enzi ile zilitiwa bromini ili zisishike moto upesi, na kwa miaka mingi nyingi zimegeuka manjano. Wapo wanaozipaka haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile ya kufifisha nywele, na kuzianika juani hadi zirudie weupe. Wengine husema umanjano ni umri wa chombo, na tena mara nyingi hurudi. Mimi nawaunga mkono hawa wa pili, maana mzee hachubuliwi ngozi ili aonekane kijana.

Fedha nazo zimo. Apple-1, iliyotengenezwa mwaka 1976 kama 200 tu, iliuzwa kwa dola 666.66, mwaka 2014 moja ilinunuliwa kwa makumbusho ya Henry Ford huko Michigan kwa dola 905,000. Habari za namna hiyo huwapumbaza watu. Commodore 64 haiwezi kuwa adimu kiasi hicho. Kilicho adimu ni yale ambayo familia moja ilifanya nayo.

Kwa sababu hiyo mkusanyaji hodari hushika kalamu kabla ya bisibisi. Hupiga picha kila upande, huandika namba ya mtambo, nani aliutumia na kwa kazi gani. Na akibadilisha kapasita, huandika ipi na lini. Kisha hugeukia kaseti, maana programu zilihifadhiwa kwa sauti katika kaseti za kawaida. Michezo iliyouzwa madukani ina nakala tele. Kaseti isiyo na nakala ni ile ambayo baba alihifadhia hesabu za nyumba, au mtoto mchezo alioutunga mwenyewe, na jina lake kwa kalamu ya wino ubavuni. Mkanda wenye ukungu huenda ukasomeka mara moja tu. Kwa hiyo kinasa sauti huwashwa kwanza, ndipo kaseti ikachezwa.