Sindano kavu: Kabla hujalala kifudifudi, uliza anayekuchoma ni nani

Shingo imekaza, bega linavuta, mgongo unauma Jumatatu hadi Jumapili. Kama unashinda mbele ya kompyuta, unaendesha boda ama unanyanyua vyuma jimu, basi haya yanakuhusu. Siku hizi tiba inayosifiwa sana mitandaoni ni sindano kavu, na jijini Nairobi tayari kuna kliniki za fiziotherapia zinazoitoa.

Inaitwa kavu kwa sababu haiingizi dawa yoyote mwilini. Mtaalamu huchukua sindano nyembamba sana, akaidunga kwenye fundo la msuli, yaani ile sehemu ngumu ambayo ukibonyezwa unaruka. Msuli hushtuka, kisha hulegea. Usiichanganye na akupancha. Sindano zinafanana, ila akupancha hufuata mafunzo ya tiba ya jadi ya Uchina, ilhali sindano kavu hulenga msuli wenyewe.

Je, inasaidia? Ndiyo, kwa kiasi. Utafiti unaonyesha inaweza kupunguza maumivu kwa muda mfupi, lakini ushahidi kwamba nafuu hiyo hudumu ni hafifu. Ndiyo maana mtaalamu mzuri hakuachi na sindano pekee, atakupa pia mazoezi ya kufanya nyumbani. Ukitoka hapo ukarudi kujikunja juu ya simu usiku kucha, fundo nalo litarudi.

Sasa tuje kwa hatari. Kuumwa kidogo na kuvilia damu pale ulipodungwa ni kawaida, na huisha baada ya siku chache. Kuna kubwa zaidi. Desemba 2025, T.J. Watt, nyota wa Pittsburgh Steelers katika futiboli ya Marekani, alilazwa hospitalini baada ya sindano kavu kusababisha pafu lake kusinyaa kwa kiasi. Ikabidi afanyiwe upasuaji. Ajali kama hiyo ni nadra, lakini huyo ni mchezaji mwenye timu nzima ya matabibu. Je, wewe uliyevutwa na tangazo la bei ya chini? Kwenye bega, kifua na mgongo wa juu, pafu liko karibu kuliko unavyodhani.

Hapa ndipo suala linakuwa la sheria, si la afya tu. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2014 iliunda baraza la kusajili wanafiziotherapia na kuwapa leseni. Video za YouTube si leseni. Umaarufu wa TikTok pia si leseni. Shida ni kwamba ukiwa umelala kifudifudi, huoni cheti wala sindano. Kagua mapema.

Omba kuona leseni yake. Hakikisha pakiti ya sindano mpya inafunguliwa mbele yako. Mwambie kama una mimba ama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Asipokuuliza kabisa kuhusu afya yako, vaa shati lako uondoke. Na ukihisi kifua kinauma au pumzi inakatika baada ya kudungwa, hata kama ni saa kadhaa baadaye, kimbia hospitali. Usingoje kesho.

Kuuliza si ujinga. Mtaalamu wa kweli atakujibu bila kununa.